ITP katika ujauzito: chembe sahani zikishuka, maana yake nini?

Chembe sahani ndizo zinazokimbilia penye jeraha na kuziba tundu damu isiendelee kutoka. Kwa kawaida mtu huwa nazo zaidi ya 150,000 katika mikrolita moja ya damu. Mwenye ITP (ugonjwa wa chembe sahani kupungua kwa sababu ya kinga ya mwili), kinga yake huzigeuka: hutengeneza kingamwili zinazozing'ang'ania, na wengu huziharibu mapema kuliko mwili unavyoweza kuzitengeneza upya.

Mjamzito asishtuke kwa kila kipimo kilichoshuka. Kwa wengi, chembe sahani hushuka kidogo karibu na kujifungua, hazihitaji dawa, na hurudi sawa baadaye. Kifafa cha mimba pia huzishusha, na hicho hakingoji. ITP hushukiwa zaidi zikiwa chini ya 100,000 tangu miezi ya mwanzo, au zilikuwa chini hata kabla ya mimba.

Angalia miguu yako. Vidoa vyekundu kama ncha ya sindano, visivyofifia ukivibonyeza kwa kidole, ni damu iliyovuja chini ya ngozi. Fizi au pua zikitoka damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na tafadhali, usijinunulie aspirini wala diklofenaki; huzidhoofisha hata hizo chembe chache zilizobaki.

Wengi hukosea hapa: matibabu hayalengi kufikisha 150,000. Yanalenga mama asivuje damu. Asiyetoka damu na mwenye zaidi ya 30,000 mara nyingi hufuatiliwa tu kwa vipimo. Zikipungua zaidi, hupewa prednisoloni (dawa ya kutuliza kinga ya mwili), au dripu ya imunoglobulini (kingamwili kutoka damu ya wachangiaji), ambayo hupandisha haraka lakini kwa wiki chache tu, ndiyo maana hupangwa kuelekea kujifungua. Kwa kuzaa, madaktari hupenda angalau 50,000. Kwa ganzi ya mgongo, wengi hutaka 70,000 na kuendelea. ITP peke yake si sababu ya kupasuliwa.

Mtoto je? Kingamwili za mama hupita kwenye kondo na zinaweza kushusha chembe za mtoto pia, na hesabu ya mama haitabiri ya mtoto. Kwa hiyo damu ya kitovu hupimwa anapozaliwa, na wakunga huepuka kumvuta kwa kikombe cha vakyumu. Chembe zake zinaweza kuendelea kushuka hadi siku ya 2 mpaka ya 5, wakati mama wengi wameshafika nyumbani. Kabla ya kuruhusiwa, uliza: mtoto anapimwa tena lini?