Video za Queen: Tunayoyakumbuka na Yaliyokuwa Kweli

Sisi tuliozijua video za Queen, bendi ya rock ya Uingereza, kupitia deki, kwa kanda zilizochakaa kwa kurudishwa nyuma kila mara, hatuwezi tena kuzitenga nyimbo na picha zake, kwani sauti ikianza tu zile sura nne hujitokeza gizani. Mapenzi hayo, hata hivyo, yamezaa masimulizi mengi yasiyo ya kweli, na kinachonisikitisha ni kwamba karibu yote huwanyima haki watu waliofanya kazi, kwa kuwa sifa huenda kwa mashine, kwa fedha, au kwa mwimbaji Freddie Mercury peke yake.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975 ndiyo video ya kwanza ya wimbo duniani. Sivyo, The Beatles walikuwa wakitengeneza filamu fupi za nyimbo zao miaka kadhaa kabla yake. Queen walikuwa na sababu ya kawaida kabisa: walikuwa wanajiandaa kwa ziara, na kusimama katika studio ya televisheni wakifuatisha kwa midomo ile sehemu ya wimbo inayoimbwa kama opera, yenye sauti zilizorundikwa tabaka juu ya tabaka, kungeonekana kichekesho. Basi mwongozaji Bruce Gowers akawapiga picha huko Elstree, walikokuwa wakifanya mazoezi, kwa muda wa takriban saa 4 tu na kwa gharama isiyofika pauni 5,000. Wimbo ulikaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa wiki 9, na kampuni za muziki zikaona jinsi video inavyoweza kuubeba wimbo; hapo ndipo ulipo upya wake.

Wengine huamini kwamba zile nyuso zinazojizidisha zilitengenezwa kwa kompyuta. Ukweli unanifurahisha zaidi. Mbele ya kamera iliwekwa lenzi yenye pande nyingi, na uso mmoja ukagawanyika kuwa kadhaa. Na pale sura inapojifuata kwa msururu usiokwisha, kamera ilielekezwa kwenye skrini iliyokuwa ikionyesha picha ya kamera hiyohiyo, jambo analolifahamu yeyote aliyewahi kukaa katikati ya vioo viwili vinavyotazamana kwa kinyozi. Hata ule mkao wa nyuso nne gizani haukubuniwa siku hiyo, kwani ulitokana na picha aliyoipiga Mick Rock kwa ajili ya jalada la albamu ya Queen II ya mwaka 1974, enzi ambazo bendi ilikuwa bado imezama katika mavazi na rangi za glam rock, mtindo wa rock wenye mavazi ya kumetameta.

Hapo kwenye opera husikika neno "Bismillah", na wasikilizaji wengi wa pwani yetu huhitimisha kwamba mwimbaji alikuwa Mwislamu. Freddie, au Farrokh Bulsara kwa jina alilopewa na wazazi wake, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Kiparsi yenye imani ya Zoroasta, ingawa neno hilo hakuna mtoto wa Mji Mkongwe anayekua bila kulisikia.

Dhana inayoniudhi zaidi inahusu "I Want to Break Free" ya mwaka 1984. Inadaiwa kwamba Freddie aliuandika wimbo huo kuhusu maisha yake ya siri na kwamba kuwavika wenzake nguo za kike kulikuwa wazo lake. Wimbo uliandikwa na John Deacon, yule mpiga besi mkimya, na wazo la mavazi lilitoka upande wa mpiga ngoma Roger Taylor, wakiigiza kwa mzaha tamthilia ya Coronation Street inayopendwa sana Uingereza. Watazamaji wa nyumbani walicheka. Marekani wengi hawakuuelewa mzaha huo. Freddie alibaki na masharubu yake huku akisukuma mashine ya kufyonza vumbi, lakini aliyanyoa kwa ajili ya sehemu ya katikati aliyocheza na wachezaji wa Royal Ballet.

Kuhusu video ya "Radio Ga Ga", jiji lile la ajabu halikujengwa na bendi: vipande vingi vimetoka katika Metropolis, filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1927. Wale wanaopiga makofi kwa pamoja walikuwa wanachama wa klabu ya mashabiki, na umati wa uwanja wa Wembley uliwaiga kwenye tamasha la hisani la Live Aid mwaka 1985.

Mwisho ni "These Are the Days of Our Lives", ambao wengi husema Freddie aliuandika kutuaga. Mwandishi wake mkuu ni Roger Taylor. Wapo pia wanaodhani video ya mwisho aliyorekodi ni ya "The Show Must Go On", kwa vile ilitoka Oktoba 1991, lakini hiyo iliunganishwa kutokana na vipande vya zamani kwa sababu hakuwa tena na nguvu ya kusimama mbele ya kamera. Mara ya mwisho alisimama Mei 1991, kwa wimbo wa Taylor, katika picha nyeusi na nyeupe zilizosaidia kuficha jinsi ugonjwa ulivyomdhoofisha; mpiga gitaa Brian May alikuwa safarini, na sehemu yake ikaongezwa baadaye. Freddie anasogea kidogo tu, anatabasamu, anaitazama kamera moja kwa moja na kunong'ona kwamba bado anatupenda, kisha anatoka kwenye picha. Alifariki tarehe 24 Novemba mwaka huohuo.