Angani hakuna "jikaze"

Nimeulizwa tena wiki hii: "Kocha, nimebeba vyuma miezi mitatu, kifua kimejaa, parachuti naiweza sasa?" Kijana wa Shangani, keshapanga safari ya Diani, Kenya, maana huku kwetu Mtwara hakuna pa kurukia. Na kila aliyemshauri kamwambia neno lilelile: jikaze. Hilo neno limenichosha. Kwa mwanafunzi wa kuruka, kujikaza ndiko kunakomzungusha angani.

Chukua kawa la kufunikia chakula, panda ngazi, uliachie ncha ikiwa chini. Litashuka limetulia; likiyumba linajirudi lenyewe. Ligeuze ncha iwe juu, ulitazame linavyohangaika na kutaka kupinduka. Mwili wako uwe lile kawa la kwanza. Ncha ni nyonga: isukume mbele, kidevu juu, viwiko usawa wa mabega, magoti yamekunjwa kiasi, upepo uishike miundi ya miguu.

Hapo, kabla mwavuli haujafunguka, unaanguka kwa kasi ya kama kilomita 200 kwa saa. Kwa kasi hiyo kila kiungo ni usukani. Misuli iliyokazwa kwa hofu haikazwi sawa pande zote: goti moja linashuka kidogo kuliko jingine, unaanza kuzunguka, unaogopa, unakaza zaidi, mzunguko unaongezeka. Ukikunja nyonga kama uliyeketi kitini, ncha ya kawa imepotea, unatikisika. Ukivuta visigino makalioni, unarudi kinyumenyume na mkufunzi anahangaika kukufuata.

Halafu wapo wanaosikia "legea" wakadhani ni kulala. Hapana! Nyonga inasukumwa kwa makusudi na mgongo unafanya kazi kweli. Vinavyolegea ni taya, mabega, mikono na vifundo vya miguu. Mikono usiishikilie, upepo utaibeba wenyewe. Mkufunzi akikutikisia kiganja mbele ya macho, anakwambia legea. Akikuonyesha vidole viwili vimenyooka, nyoosha miguu. Gumba likielekea chini, sukuma nyonga. Ukiona kiganja, toa pumzi ndefu kwa mdomo, kisha chezesha vidole vya miguu ndani ya viatu. Ni vigumu kuvichezesha huku umekaza mguu mzima, jaribu hapo ulipokaa.

Pumzi ndiyo wengi wanaibana bila kujua. Aliyebana pumzi hukodolea macho kitu kimoja na kusahau altimita, kile kipimo cha urefu toka ardhini, na toka mita 4,000 mpaka mita 1,500 unapofungua mwavuli una kama sekunde 50 tu. Vitabu huandika "vuta pumzi utulie" kana kwamba ni kuwasha taa. Mimi naona pumzi humsaidia aliyeizoea akiwa chini, na hata hivyo wapo wanaotulia mruko wa tatu na wengine wa kumi na tano, mazoezi yao yaleyale. Sijapata namna ya kuwatambua kabla hawajapanda ndege.

Kwa hiyo mazoezi. Lala kifudifudi kwenye mkeka, inua kifua na miguu kwa pamoja, kaa hivyo sekunde 30, rudia mara nne kila siku. Hesabu kwa sauti mpaka thelathini. Ukihesabu kwa sauti huwezi kubana pumzi. Kisha piga goti moja chini, sukuma nyonga mbele, dakika moja kila upande. Kukimbia mchangani nusu saa, siku tatu kwa wiki, kunatosha. Vyuma sivikatazi, ila kama kifua kimekuvuta mabega mbele mpaka viwiko havirudi nyuma, hicho kifua kitakusumbua.

Kutua nako kuna "jikaze" yake: mtu ananyoosha miguu kuitafuta ardhi, kifundo kinavunjika. Ruka kutoka kwenye benchi la nusu mita, utue mchangani, nyayo na magoti vimebanana pamoja, magoti yamelegea, kisha jiviringishe: nyayo, shavu la mguu, paja, nyonga, hadi bega la upande wa pili. Mara 20 kwa siku, upande wa kulia na wa kushoto.

Safari yenyewe usiidharau. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, kisha Tanga, kisha Horohoro mpakani. Nyonga iliyokaa kwenye basi muda wote huo imejifunga kama komeo. Lala usiku mmoja, jinyooshe, ndipo uruke. Asubuhi kunywa uji na kipande cha muhogo, saa mbili kabla ya kuruka. Njaa ikikutana na woga inaleta kizunguzungu. Maji kunywa mapema, usingoje kiu.

Ukiwa na mafua, ahirisha, masikio yatakuadhibu wakati wa kushuka. Nanyi mnaopiga mbizi kwa mitungi pale Mikindani: msipande ndege ya kuruka mpaka zipite saa 24 tangu mbizi ya mwisho, maana ndege hizo hazibani hewa ndani, na mapovu ya naitrojeni bado yanaweza kujitengeneza mwilini.

Na kama bega lako limewahi kuteguka, mwone daktari na umwambie mkufunzi kabla hujalipa. Mkono unaopelekwa nyuma kutafuta kishikio cha mwavuli, katika upepo ule, unaweza kulitegua tena pale unapouhitaji.