Baada ya Armada, miaka 16 ya vita

Wiki hii nimesahihisha tena insha inayosema kwamba mwaka 1588 Uingereza iliimaliza Hispania baharini. Nimechoka nayo. Vita vya Elizabeth I, malkia wa Uingereza, na Philip II, mfalme wa Hispania, vilianza 1585, vikaisha 1604. Armada, kundi la merikebu ambalo Philip alilituma kuivamia Uingereza mwaka 1588, ilikuja vita vikiwa na miaka mitatu tu!

Yaliyoipata Armada Calais na Gravelines, pwani ya mlango-bahari wa Uingereza, yanajulikana: merikebu zilizowashwa moto na kuelekezwa kwake usiku, nanga zikakatwa, mizinga, kisha upepo. Lakini mizinga ilizamisha chache mno. Nyingi zilizopotea zilivunjikia Ireland kwa dhoruba zikirudi, na kati ya 130 hivi, zaidi ya nusu zilifika nyumbani.

Kinachoniudhi zaidi ni kurukwa kwa 1589. Mwaka huo makamanda wa Uingereza, Francis Drake na John Norris, walitumwa kuchoma merikebu za Armada zilizokuwa zikikarabatiwa Santander, kaskazini mwa Hispania, kisha kumrudisha Dom António, aliyedai ufalme wa Ureno dhidi ya Philip, kwenye kiti cha nchi hiyo. Santander hawakufika kamwe. Walikwama A Coruña, bandari ya Hispania, wakishindwa kuuteka mji wa juu. Walipofika Lisbon hawakuwa na mizinga ya kubomolea kuta, Wareno hawakuinuka, na maradhi yakaua maelfu. Merikebu zile zikapona, Philip akajenga nyingine. Huyu ndiye Philip aliyekuwa pia mfalme wa Ureno, na chini yake Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Mfalme aliyemalizwa hajengi ngome upande wa pili wa dunia.

Wala simgeuzi kuwa mshindi. Mwaka 1596 Waingereza waliteka Cádiz, bandari ya Hispania, na kuichoma, na mwaka huohuo hazina ya Philip ikashindwa kulipa madeni. Armada zake za 1596 na 1597 zilirudishwa na dhoruba. Kwa upande wa Waingereza, Drake na nahodha mwenzake John Hawkins nao walikuwa wamefia Karibi.

Nani alishinda, basi? Darasani nimewahi kujibu "sare", na jibu hilo halijaniridhisha hadi leo. Hispania ilibaki na fedha ya Amerika. Uingereza ilibaki na dini yake ya Kiprotestanti. Wahispania walitua Kinsale, Ireland, mwaka 1601, wakashindwa. Mkataba wa London, uliomaliza vita, ukatiwa saini 1604 chini ya James I na Philip III, kwa sababu Philip II alikufa 1598 na Elizabeth 1603, vita vikiwa bado vinaendelea.