Je, wajua? Mkono wa mpasuaji husikia hata kupitia chuma

Kwa miaka mingi niliamini kuwa daktari anayepasua kupitia matundu madogo tumboni hasikii chochote mkononi. Vidole viko nje, ini liko ndani, katikati kuna chuma chembamba kinachozidi sentimita 30, na macho yamekodolea skrini. Atasikia nini?

Nilikosea, na msonga ugali yeyote angenisahihisha. Hatii kidole sufuriani kujua kama ugali umekaza, mwiko humwambia. Mvuvi naye huzamisha upondo, na mkono ukajua kama chini ni tope, mchanga au mwamba. Chuma cha mpasuaji hupeleka nguvu vivyo hivyo. Kinachopotea ni joto, utelezi, na kile kivimbe kidogo kilichojificha ndani ya ini ambacho kidole kingekipapasa na kukikuta.

Ila kinachofika hufika kimechakachuliwa. Chukua upondo uleule, uupitishe kwenye tundu la mpira linalobana. Ndiyo trokari hiyo: mrija uliopenyezwa kwenye ukuta wa tumbo, wenye vali ya kuzuia kaboni dioksidi iliyolitunisha tumbo isivuje. Chuma hukwaruzana na vali, ukuta wa tumbo nao hukisukuma, hivyo sehemu ya uzito anaousikia daktari ni ya mlango, si ya ini. Tena tundu hilo ni egemeo. Mkono ukienda kulia, ncha huenda kushoto. Na kadiri chuma kinavyozama, ndivyo ini lilelile, likisukumwa kando kwa nguvu ileile, linavyoonekana zito zaidi mkononi.

Imani yangu ya zamani ingewafaa zaidi wanaotumia roboti. Da Vinci, roboti ya upasuaji ambayo daktari huiongoza akiwa kando, iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 kwa upasuaji wa tumbo, lakini vyombo vinavyorudisha nguvu mkononi vilikuja na toleo la 2024. Katikati hapo madaktari waligusa kwa macho: nyama ikibonyea au kupauka, uzi ukinyooka, wanajua wamekaza vya kutosha. Septemba 2001, mpasuaji Mfaransa Jacques Marescaux akiwa New York alimtoa mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, mfuko wa nyongo, kwa roboti nyingine, akiongozwa na picha.

Je, kurudishiwa mguso kunasaidia? Kwenye majaribio ya maabara, mikono huvuta na kubonyeza kwa upole zaidi. Kwamba mgonjwa naye hupona vizuri zaidi, ushahidi bado ni mwembamba.