Je, wajua kwa nini beni za ngoma na buruji za Marekani hazirudi tena uwanjani kusikia matokeo?

Tazama video za zamani za mashindano ya beni za ngoma na buruji (tarumbeta ya jeshini) huko Marekani, zile za miaka ya 1970 na 1980, na usizizime beni ya mwisho inapomaliza. Subiri kidogo. Majaji wanajumlisha alama, watu jukwaani wananyoosha miguu, kisha geti la uwanja linafunguliwa na beni zote zilizoshindana usiku ule zinaingia kwa gwaride. Zile zilizopiga mapema jua likiwa bado kali na zile zilizopiga taa zikiwaka, zote zinajipanga ubavu kwa ubavu, uso kwa jukwaa. Mamia ya vijana waliokuwa wapinzani saa moja iliyopita sasa wanagusana mabega. Mtangazaji anaanza kusoma majina kutoka chini kwenda juu, na kila beni inapotajwa kiongozi wake anapiga hatua mbele, anapiga saluti, anapokea alichopewa, anarudi mstarini.

Sehemu hiyo inaitwa ritriti. Leo kijana anaweza kupiga msimu mzima, mashindano ishirini na zaidi, na mara nyingi matokeo yakatangazwa wakati yeye yuko ndani ya basi anavua viatu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na beni hizi: hizi si bendi za shule. Ni vikundi huru vya vijana, ukomo wa umri ukiwa miaka 21 au 22, wanaopiga vyombo vya shaba na ngoma huku wakitembea na kukimbia uwanjani kwa michoro iliyopangwa hatua kwa hatua, wakisindikizwa na kikosi cha bendera. Wanafanya mazoezi tangu majira ya baridi, kisha kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti wanazunguka nchi kwa mabasi, wakilala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule, wakila chakula kinachopikwa kwenye lori la jiko. Msimu unaishia kwenye fainali, ambayo tangu 2009 inafanyika Lucas Oil Stadium mjini Indianapolis.

Jina ritriti ni la jeshini. Kwenye kambi za jeshi la Marekani, jioni inapoingia hupigwa buruji ya kufunga siku, kila aliye nje husimama wima, na bendera hushushwa. Wito huo ndio unaoitwa hivyo. Uliingiaje kwenye mashindano ya vijana? Kwa sababu beni hizi zilizaliwa mikononi mwa askari waliorudi nyumbani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, chama cha askari wastaafu cha American Legion, kilichoanzishwa 1919, pamoja na kile cha Veterans of Foreign Wars (VFW) kilichokuwapo kabla yake, vilifadhili beni katika miji midogo na mitaa ya Marekani. Ngoma na buruji zilikuwa vyombo ambavyo askari walivijua. Buruji za mwanzo hazikuwa hata na vibonyezo. Mdomo na pumzi ndivyo vilivyotafuta noti.

Basi shindano lenyewe lilikuwa gwaride. Kabla ya kupiga, vijana walikaguliwa viatu, mikanda na nywele kama kuruta. Bendera ya taifa ilibebwa uwanjani ikiwa na walinzi wake, na kuikosea heshima kulikuwa na adhabu. Hadi 1983 majaji walitembea katikati ya wapigaji wakiwa na kalamu, wakikata sehemu ya kumi ya alama kwa kila kosa walilolisikia au kuliona. Siku iliyoanza kwa ukaguzi haikuweza kuisha kwa watu kutawanyika ovyo. Iliisha kijeshi: wote mstarini, matokeo, saluti, kisha beni moja moja ikatoka ikipita mbele ya watazamaji huku ngoma zikiongoza hatua. Mshindi naye mara nyingi alibaki kuwapigia watu tena, safari hii kwa furaha tu.

Hapa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna cha kutusaidia kuelewa. Neno beni lenyewe kwetu limebeba historia ya namna hiyo. Ngoma ya beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilichukua tarumbeta, sare, vyeo na gwaride kutoka kwa majeshi ya wakoloni, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi waliorudi makwao waliisambaza bara. Watu walioshindana kwa ngoma walishindana pia kwa karamu, na vyeo vya kijeshi vikavaliwa na watu ambao hawakuwahi kushika bunduki. Kule Marekani na huku kwetu, chombo cha vita kiligeuka kuwa chombo cha kushindania heshima ya mtaa, na adabu ya kambini ikabaki ndani yake kwa muda mrefu.

Kilichoanza kuing'oa ritriti ni kuondoka kwa wenye adabu hiyo. Mwaka 1971 viongozi wa beni zenyewe, wakiwamo Don Warren wa Cavaliers ya Chicago na Jim Jones wa Troopers ya Wyoming, walichoka kuendeshwa na vyama vya wastaafu. Walitaka kuamua wenyewe kuhusu sheria, majaji na malipo, wakaunda chama chao, Drum Corps International. Fainali yao ya kwanza ilikuwa 1972 huko Whitewater, Wisconsin, na Anaheim Kingsmen ya California ikashinda. Ritriti haikufa siku hiyo. Iliendelea kwa miaka mingi kwa nguvu za mazoea, lakini haikuwa tena na mzee wa kuilinda. Bendera ya taifa iliacha kuwa sharti uwanjani, ukaguzi ukaondoka, majaji wakaacha kuhesabu makosa wakaanza kupima ubora. Tangu 2000 beni zinaruhusiwa vyombo vya shaba vya ufunguo wowote, kwa hiyo neno buruji limebaki kwenye jina tu. Vipaza sauti vikaruhusiwa 2004, kinanda cha umeme 2009. Zamani beni ilikuwa na watu 128 kwa wingi wake, leo zinapita 150, nao wanaingia na majukwaa, ngazi, vioo na spika zinazohitaji malori ya peke yake. Onyesho likawa tamthilia. Na tamthilia ikiisha, waigizaji huenda nyuma ya pazia kuvua mavazi.

Lakini ukiniuliza sababu iliyo nzito kuliko zote, nitakuambia ni barabara.

Fikiria beni iliyopiga ya pili kati ya nane. Wamemaliza saa moja na nusu jioni. Kama kuna ritriti, wanatakiwa kusubiri hadi saa tano usiku, wakiwa na sare nzito iliyolowa jasho, ngoma mabegani, kisha wasimame wima dakika thelathini nyingine. Kesho wana shindano mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa basi, na mazoezi yanaanza asubuhi. Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa basi la abiria kuendesha kwa jumla ya saa 10 tu baada ya kupumzika saa 8 mfululizo, na akishafikisha saa 15 za kuwa kazini haruhusiwi kuendelea kuendesha. Kila nusu saa inayopotea uwanjani inakatwa kwenye muda wa dereva na kwenye usingizi wa mtoto. Mwenye uwanja naye anataka taa zizimwe. Mkurugenzi wa beni akipiga hesabu hiyo, uamuzi unakuwa mwepesi: pakieni, tuondoke, atabaki kiongozi mmoja au wawili kutuwakilisha. Siwezi kumlaumu. Usingizi wa vijana walio safarini ni jambo la usalama, na watu wanaolala vizuri ndio wanaofika Agosti wakiwa wazima.

Kisha ikaja simu. Zamani aliyetaka kujua alama alilazimika kuwapo, kwa sababu kipaza sauti cha uwanja ndicho kilichokuwa na habari. Siku hizi alama zinawekwa mtandaoni, na beni nzima inazisoma ndani ya basi kabla haijafika barabara kuu.

Hata hivyo kilichopotea kina thamani, na nataka nikionyeshe kwa usiku mmoja. Agosti 2008, fainali, Bloomington, Indiana. Matokeo yanasomwa kutoka wa kumi na mbili. Wamebaki wawili: Blue Devils ya Concord, California, na Phantom Regiment ya Rockford, Illinois. Katika utaratibu huo mtu hajui kuwa ameshinda kwa kusikia jina lake. Anajua kwa kusikia jina la mwenzake likitajwa kwenye nafasi ya pili. Blue Devils, alama 98.100. Phantom Regiment walikuwa na 98.125. Tofauti ni 0.025, kitu ambacho kwa jicho na sikio la mtazamaji hakipo. Anayetajwa wa pili anapiga saluti ileile aliyoizoea, mkono bila kutetemeka, mbele ya uwanja unaomshangilia mwingine.

Mafunzo hayo hayapatikani kwenye simu. Ukisoma alama ukiwa basini unaweza kulaani, kulia, kutupa kofia, na hakuna wa beni nyingine atakayekuona. Ukiwa mstarini unamsikia pumzi mpinzani wako, unaona kwamba naye vidole vimechubuka na viatu vimepasuka ubavuni kama vyako. Kwa vijana wanaotoka majimbo yaliyo mbali, wengi wao hizo ndizo zilikuwa dakika pekee za msimu mzima za kusimama karibu bila kushindana. Saa nyingine zote kila beni iko kwenye uwanja wake wa mazoezi.

Masalia yapo. Kwenye mashindano ya kawaida viongozi wa beni bado hujitokeza mara nyingi kupokea matokeo kwa niaba ya wenzao, na wiki ya fainali ndiyo iliyoshikilia sherehe zaidi, pamoja na kuwaaga wale wanaofikia ukomo wa umri, ambao hawatapiga tena. Mshindi wa usiku au beni mwenyeji bado huweza kubaki na kupiga kwa kusimama tu mbele ya jukwaa. Na kuna nyimbo za beni, ambazo hazihitaji mwenye uwanja wala mtangazaji.

Madison Scouts ya Wisconsin, iliyoanzishwa 1938, ina wimbo ambao msomaji anayeshabikia Liverpool ataujua kabla hajasikia ubeti wa pili: You'll Never Walk Alone. Umekuwa wao kwa miongo mingi. Kwa muda mrefu beni hiyo ilikuwa ya wavulana tu, na baadaye ikafungulia milango kila mtu, lakini wimbo haujabadilishwa. Wakishamaliza, vyombo vikiwa chini, husimama pamoja mkono juu ya bega la mwenzake na kuuimba, na wazee waliopita kwenye beni hiyo zamani hutoka kati ya watazamaji wakajiunga nao. Mara nyingi hiyo huwa ni kwenye maegesho, kati ya lori la vyombo na basi ambalo dereva wake ameshawasha injini.