Katriji ya NFC: maana yake na inavyofanya kazi

Katriji ya NFC (mawasiliano ya redio ya umbali mfupi sana) ni kadi au ganda la plastiki lenye chipu ndogo isiyohitaji betri. Ukiiweka kwenye kisomaji, gemu moja mahususi inaanza yenyewe, ukiitoa, inafungwa. Hakuna menyu wala kuperuzi orodha ndefu ya mafaili. Inarudisha mazoea ya waliocheza Famicom, iliyotoka Japani mwaka 1983, au zile nakala zake zilizokuja na katriji za manjano: unaishika gemu mkononi, unachomeka, unacheza.

Ndani, hata hivyo, ni kitu kingine kabisa. Katriji ya zamani ilibeba gemu yenyewe kwenye chipu ya ROM, yaani kumbukumbu ya kusomwa tu. Super Mario Bros. nzima ni kilobaiti 40. Chipu ya NFC haina nafasi hiyo: NTAG213 inabeba baiti 144, NTAG215 baiti 504. Kinachoandikwa humo ni anwani tu ya faili lililoko kwenye mashine, mfano «SNES/jina-la-gemu.sfc». Programu ya Zaparoo inasoma anwani hiyo na kuifungua gemu, iwe kwenye MiSTer (mashine inayoiga konsoli za zamani), Batocera (mfumo wa kompyuta wa kuchezea gemu za zamani), Steam Deck au Windows. Ndiyo maana ukilibadili faili jina au kulihamishia folda nyingine, katriji haifungui kitu ingawa chipu ni nzima. Panga mafaili kwanza, kadi ziandikwe mwisho. Na usiifunge chipu isiandikwe tena mpaka umeijaribu, kwa sababu kufuli hilo halifunguki.

Vifaa ni vichache: stika za NTAG213 au NTAG215 zenye kipenyo cha milimita 25, simu yenye NFC ya kuandikia, na kisomaji. ACR122U kinachomekwa kwenye USB bila kuunga waya. Moduli ya PN532 inataka kazi kidogo: weka swichi zake mbili ndogo kwenye 0, kisha unga waya nne kwenye adapta ya USB ya siriali, yaani umeme, GND (waya hasi), na TX (ya kutuma) ya upande mmoja iende RX (ya kupokea) ya mwingine, na kinyume chake. Wengi huunga TX kwa TX. Taa inawaka, lakini mashine haioni kisomaji. Kadi za milango za 125 kHz hazifai, kwa kuwa NFC hutumia 13.56 MHz.

Kinachowasumbua watu zaidi ni ganda. Stika lazima ilale sambamba na antena ya kisomaji, umbali wa sentimita moja au mbili. Ukibandika stika kwenye uso wa katriji kisha ukaisimamisha juu ya kisomaji kilicholala, stika na antena zinakatana kwa pembe ya nyuzi 90, na mara nyingi hakuna kinachosomwa. Simamisha kisomaji nyuma ya tundu la kuchomekea, kitazamane na stika. Plastiki ya milimita 2 au 3 haizuii mawimbi, metali inazuia. Kama kasha ni la chuma au alumini, tumia stika yenye tabaka la feraiti mgongoni, kitu cha sumaku kinachoikinga na metali. Maganda yachapishwe kwa printa ya 3D au yanunuliwe mapya: kuivunja katriji nzima ya zamani ili kupata ganda lake ni hasara isiyo na sababu, na ubao wa shaba ukibaki ndani utazuia usomaji vilevile.

Kwa kawaida Zaparoo huja katika hali ya kugusa: gemu inaendelea hata kadi ikiondolewa. Badilisha iwe hali ya kushikilia, maana bila hiyo kadi inabaki njia ya mkato tu. Weka pia sekunde chache za kusubiri kabla ya gemu kufungwa, ili katriji ikitikisika kidogo isikukatize.

Hali hiyo ina hatari yake. Kwenye MiSTer, maendeleo ya gemu nyingi ambazo katriji zake za asili zilihifadhi kwa betri huandikwa kwenye kadi ya SD pale tu menyu ya skrini inapofunguliwa. Mchezaji akishahifadhi ndani ya gemu na kuchomoa moja kwa moja, maendeleo yake yanaweza kupotea. Utaratibu salama ni kuhifadhi ndani ya gemu, kufungua menyu, kusubiri sekunde chache, ndipo uchomoe.