"Kura Walipewa Mwaka 1870"

Nafundisha historia ya Marekani chuoni, na kila muhula hakosekani wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, utumwa uliisha 1865, kura wakapewa 1870. Mbona Wamarekani weusi bado wanalalamika?" Juma lililopita nimeulizwa hivyo mara mbili ndani ya kipindi kimoja. Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Ni kweli, Marekebisho ya 15 ya Katiba yaliidhinishwa 1870, na kwa muda yalifanya kazi. Mwaka huohuo weusi wawili waliingia Bunge la Marekani: Hiram Revels wa Mississippi aliingia Seneti, na Joseph Rainey wa South Carolina, aliyezaliwa mtumwa, akaingia Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba walikosa hamu au uwezo wa siasa. Walikuwa nayo kura, wakanyang'anywa.

Majeshi ya serikali kuu yaliacha kuzilinda serikali za majimbo ya Kusini, kulikokuwa na utumwa, mwaka 1877. Mwaka 1890 Mississippi ikaandika katiba mpya yenye kodi ya kura, yaani malipo ya kutoa kabla ya kupiga kura, na sharti la kusoma kifungu cha katiba au kukifafanua. Ukifafanua, wa kuamua kama umepatia ni msajili, na msajili ni mzungu. Louisiana ikaongeza lake 1898: ambaye baba au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867 alisamehewa mtihani. Mwaka 1867 babu zao weusi walikuwa ndio kwanza wametoka utumwani! Weusi walioandikishwa Louisiana walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Kufikia 1904 walibaki kama 1,300. Huko Wilmington, North Carolina, hawakungoja hata sheria: Novemba 1898 wazungu wenye silaha waliipindua serikali ya mji iliyochaguliwa na kuua watu.

Mbunge mweusi George White wa North Carolina aliondoka Bunge la Marekani 1901. Kwa miaka 28 iliyofuata bunge hilo halikuwa na mweusi hata mmoja kutoka Marekani nzima. Kusini kwenyewe kulikaa hadi uchaguzi wa 1972, waliposhinda Barbara Jordan wa Texas na Andrew Young wa Georgia.

Linaloniuma zaidi ni hesabu ya viti. Wakati wa utumwa, majimbo yaligawiwa viti kwa kuhesabu watumwa watatu katika kila watano. Utumwa ulipoisha, weusi wakahesabiwa wote. Kusini kukajipatia viti kwa idadi ya watu ambao kuliwazuia kupiga kura! Marekebisho ya 14 yanaagiza jimbo la namna hiyo lipunguziwe viti, lakini Bunge halijawahi kulipunguzia jimbo lolote.

Tarehe ya kuandika daftarini ni 6 Agosti 1965, iliposainiwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Kabla yake, Mississippi ilikuwa imeandikisha chini ya asilimia 7 ya weusi wenye umri wa kupiga kura. Miaka miwili baadaye, karibu asilimia 60. Waliofukuzwa kwenye meza za usajili wapo hai, wanasimulia. Mtu akikutajia mwaka wa sheria, muulize kwanza nani aliisimamia.

Madai mengine ninayoyasikia nitayapitia haraka. "Katiba ilisema mweusi ni sehemu tatu kati ya tano za mtu." Hapana, ile ilikuwa kanuni ya kugawa viti. Wenye watumwa ndio waliotaka wahesabiwe wote, ili bungeni wawe na nguvu zaidi.

"Obama alimaliza ubaguzi." Hili nalisikia sana kwa wanafunzi wanaotoka Kenya, na fahari yao kwa mtoto wa Mjaluo naielewa. Lakini alipoingia Seneti 2005 alikuwa mweusi wa tano tu tangu Seneti ianzishwe.

"Fidia ya utumwa haiwezekani, serikali hailipi makosa ya zamani." Imelipa. Mwaka 1862, utumwa ulipofutwa mjini Washington, ililipa hadi dola 300 kwa kila mtumwa, na fedha hizo walipewa mabwana. Mwaka 1988 Rais Reagan alisaini sheria ya kumlipa dola 20,000 kila Mmarekani mwenye asili ya Japani aliyefungwa kambini wakati wa Vita vya Pili na bado yu hai. Mwaka uliofuata mbunge John Conyers alipeleka mswada wa kuunda tume ya kuchunguza tu suala la fidia kwa weusi. Umerudishwa bungeni mara nyingi tangu hapo, na haujapita.